Lori Lililougua Jumapili

Lori la majani chai la Persis Nyanchoka liliingia gereji ya Duncan Okemwa Jumatatu saa saba mchana. Lilipanda kutoka Daraja Mbili kwa gia ya pili, pikipiki zikilipita kushoto na kulia. Halikuwa na mzigo wala halikutoa moshi. Injini ilinguruma vizuri, lakini dereva alipokanyaga mafuta haikuongeza chochote. Ilibaki pale pale kama mtu aliyeambiwa aamke akajibu kwamba amesikia.

Makori, mwana wa Persis, alishuka wa kwanza.

"Okemwa, turbo imekufa. Fundi wa Keroka amesema."

"Aliifungua?"

"Aliisikiliza."

"Basi huyo amemtibu mgonjwa kwa simu."

Makori hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita na leseni ya malori iliyokuwa bado haijakunjika. Nyuma yake alishuka mama yake, mkoba ukiwa kwapani. Mwisho akashuka dereva, Manasseh Mokua, mtu wa Sironga, miaka hamsini na minane. Ufunguo wa lori ulining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alikuwa ameuvaa hivyo tangu marehemu Nyangate, mume wa Persis, alipomkabidhi lori la kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita. Nyangate alikufa, lori likabadilishwa, lakini kamba haikubadilishwa.

Persis alieleza kwa kifupi. Lori lilikuwa likikata nguvu kwenye kilima cha kutoka mtoni, likiwa limejaa majani. Likikata, linafika kiwandani limechelewa, majani yameanza kupata joto na kuharibika ndani ya magunia, na kiwanda kinayakataa. Wakulima wa vituo vitatu walikuwa wameanza kuuliza kama hakuna lori lingine.

"Huyo wa Keroka anasema ni dereva," Makori aliongeza. "Anazima injini ikiwa moto. Oili inakatika, turbo inaungua. Ni mambo ya hawa wazee. Wamezoea malori ya zamani."

Manasseh alitazama matairi.

"Mimi nangoja dakika tatu kabla ya kuzima," alisema. "Kila mara."

"Nani anakuhesabia?"

"Makori," mama yake alimkemea. Kisha Persis akamgeukia Duncan. "Nataka kujua kitu kimoja. Kama ni turbo, basi ni uendeshaji, na Mzee atapumzika, Makori ashike usukani. Kama si turbo, niambie ni nini. Sitaki hadithi."

Duncan alikuwa fundi wa dizeli mwenye miaka ishirini na tisa, na hakuwa na haya kusema kwamba kati ya Suneka na Keroka hakumjua anayemzidi. Aliinua kabini, akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili kwenye mdomo wa turbo. Aliushika mhimili unaobeba mapanga, akautikisa huku na huku. Haukucheza. Aliuzungusha, ukazunguka kimya. Alifuta ndani kwa kitambaa cheupe na kukionyesha kwa wote watatu. Hakikuwa na oili.

"Turbo ni nzima. Aliyesema imekufa aje aizike akiwa peke yake."

Kisha akaunganisha mashine yake ya kusoma kompyuta ya injini. Mashine ilionyesha kosa moja lililojirudia mara kumi na nne: hewa ya turbo imepita kiasi. Duncan aliwasha swichi bila kuwasha injini, akatafuta kipimo cha sensa ya hewa. Sensa hiyo ni kidude kisichozidi kidole gumba, kimechomekwa kwenye bomba ili kipime upepo ambao turbo inausukuma ndani ya injini na kuiarifu kompyuta.

"Injini imelala," alisema. "Turbo haisukumi kitu. Sensa inatakiwa kusoma hewa hii tunayovuta tu. Hewa ya Kisii, kwa huu mwinuko wetu, ni themanini na tatu kwa kipimo cha mashine hii. Soma hapo, Mama Makori."

Persis alivaa miwani. "Mia moja thelathini na moja."

"Inasema kuna upepo na upepo hakuna. Mtu akikanyaga mafuta kilimani, inaongeza uongo juu ya ukweli. Kompyuta inaogopa injini itapasuka, inakata mafuta. Lori halina ugonjwa. Linadanganywa."

Alichomoa plagi ya sensa. Vijiti vyake vitatu vya shaba vilikuwa na utando wa kijani, kidogo sana, na Duncan alivisugua kwenye paja la ovaroli bila kuvitazama mara ya pili. Akafunga sensa mpya. Mashine ikasoma themanini na tatu. Walilijaribu lori kwenye mteremko na mlima wa Nyanchwa, likapanda likipiga mluzi.

"Likirudia," Duncan alimwambia Makori, kwa sauti ya kutosha kusikika na mafundi wa jirani, "njoo uniite mjinga katikati ya soko."

Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, simu yake ililia.

"Hapo ni kwa mjinga wa soko?" Makori aliuliza.

Lori lilikuwa limesimama katikati ya kilima cha mtoni na tani tatu za majani. Watu wa Sironga, ambao wengi ni Waadventista, hawachumi Jumamosi, kwa hiyo Jumapili majani huwa ya siku mbili, na lori hujaa hadi turubai linavimba. Ilibidi majani yahamishwe kwa mikono hadi kwenye trekta. Gunia moja kati ya kila manne lilikataliwa.

Persis alichukua simu kutoka kwa mwanawe. "Okemwa, sikupigii kelele. Jumapili ijayo nitakuja Sironga asubuhi kabla lori halijapakia. Kama bado linaumwa, ufunguo utatoka shingoni mwa Manasseh. Nimechoka kuwajibu watu."

"Si yeye, Mama."

"Basi nionyeshe ni nani."

Jumatano Duncan alipanda bodaboda hadi Sironga, mashine yake ikiwa mgongoni. Manasseh alikuwa amekaa kwenye kidato cha lori mbele ya nyumba yake, akimenya viazi vitamu kwa kisu cha mfukoni.

"Bwakire, tata," Duncan alimsalimia kwa Kikisii, akimwita baba.

"Bwakire buya, momura, kijana wangu. Umekuja kumwangalia marehemu?"

"Nani amekufa?"

"Mimi. Makori ameshapima kiti. Jana alikisogeza mbele, nikakirudisha."

Duncan aliunganisha mashine na kuwasha swichi. Ilisoma themanini.

"Umesema themanini na tatu," Manasseh alisema, kisu kikiwa hewani.

"Hiyo ni Kisii. Hapa mko juu zaidi, hewa ni nyepesi. Themanini ni sawa kabisa." Alitikisa waya, akagonga sensa kwa mpini wa bisibisi, akawasha injini, akaiacha ipate moto, akaizima, akasoma tena. Themanini. Hakuna kinachomuudhi fundi kama gari linalopona mbele yake.

"Liko hivyo," Manasseh alisema. "Leo litapanda kama mbuzi. Kesho pia. Ijumaa asubuhi pia."

"Unajuaje?"

Mzee alijifuta mikono, akapanda kabini, akashuka na kijitabu kilichochakaa. Kilikuwa kitabu cha masomo ya Shule ya Sabato cha robo ile ya mwaka, chenye ukurasa wa kila siku, tangu Jumapili hadi Ijumaa. Manasseh alikisoma kila alfajiri nyuma ya usukani kabla ya kuwasha gari. Pembeni mwa baadhi ya kurasa alikuwa ameweka alama ndogo ya msalaba kwa kalamu ya risasi.

"Siku linanikatalia, naweka alama. Si kwa ajili ya mtu. Nilitaka kumwambia Mungu kwa tarehe."

Duncan alifungua taratibu. Jumapili, msalaba. Jumatatu, msalaba. Jumanne, wakati mwingine. Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna. Ijumaa hakuna. Juma lililofuata ni hivyo hivyo, na lililofuata pia. Alirudi nyuma hadi mwanzo wa robo. Majuma mawili ya kwanza ya Aprili yalikuwa safi. Msalaba wa kwanza ulikuwa Jumapili ya tatu.

Alhamisi iliyotangulia Jumapili hiyo, lori lile lilikuwa gerejini kwake kusafishwa masizi kwenye bomba la hewa. Duncan alikumbuka. Aligeuza ukurasa haraka kuliko alivyogeuza zile nyingine, akamrudishia mzee kitabu.

"Lori linafanya nini kati ya Ijumaa na Jumapili?"

"Linalala. Ni Sabato."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa tunapakua mapema kiwandani, narudi hapa, naliosha."

"Unaosha nini?"

"Lote," Manasseh alisema, akishangaa swali. "Nyangate alikuwa shemasi. Siku ya kwanza kunipa gari aliniambia, Manasseh, usiache hili gari likutane na Sabato likiwa chafu. Naosha bodi, naosha matairi, nainua kabini, naosha injini. Hata ndani ya fremu. Ungepikia juu yake."

"Unaosha injini na nini?"

Manasseh alionyesha kwa kidole ukutani. Palining'inia pampu inayotumia petroli, ya kunyunyizia ng'ombe dawa, yenye mdomo mrefu wa shaba.

"Nitakuja Ijumaa," Duncan alisema. "Osha kama kawaida. Usiniheshimu."

Ijumaa alifika saa kumi na moja. Manasseh alikuwa amevua shati la kazi na kubaki na fulana. Maji yalikuwa yamechotwa, sabuni imekorogwa. Mke wake, Kwamboka, alikuwa akifagia ua na kuwafukuza kuku waliotaka kunywa povu. Harufu ya ndizi zilizopikwa na nyama ya kesho ilitoka jikoni, maana Jumamosi moto hauwashwi kwa kupika.

Duncan aliunganisha mashine. Themanini. Akaiacha ikiwaka kwenye kiti, akasogea.

Manasseh aliosha injini kama watu wanavyoosha vyombo vya wageni. Alianza juu, akaja pembeni, akaingiza mdomo wa pampu kila penye giza. Maji yalipiga bomba la hewa, yakapiga sensa, yakapiga plagi yake kwa ubavu, na mzee alirudia pale mara ya pili kwa sababu aliona chembe ya tope. Alipomaliza, injini iling'aa. Ilikuwa kazi nzuri, na Duncan, ambaye alijua kazi nzuri akiiona, alisikitika.

"Njoo usome, tata."

Themanini na moja. Walisimama wakitazama. Themanini na nne. Tisini. Maji yalikuwa yakitafuta njia yake ndani ya plagi, yakiunganisha vijiti ambavyo havikupaswa kusemezana. Mia na mbili. Mia moja kumi na nane.

Manasseh aliutazama mdomo wa pampu mkononi mwake. Alizima pampu. Kwamboka aliacha kufagia.

"Ni mimi," mzee alisema.

Duncan alikuwa ameshachomoa plagi. Tone moja la maji lilitoka ndani yake na kudondokea kiatu. Aliigeuza kuelekea mwanga. Mdomoni mwa plagi ya namna ile hukaa pete ya mpira mwekundu, nyembamba kama uzi wa nguo ya kufuma, inayozuia maji. Hapakuwa na pete. Palikuwa na alama mbili za kisu.

Kisu kilikuwa cha Duncan mwenyewe. Siku ile ya Aprili plagi ilikuwa imekataa kutoka kwa sababu ya joto, naye alikuwa na gari jingine linalongoja. Alikata mpira, akautupa, akaisukuma plagi hadi ikalia tak, akaona imetosha. Miaka yote Manasseh alikuwa ameosha injini ile na maji hayakuingia.

"Nipe spana ya kumi," Duncan alisema. "Niikaushe sasa hivi."

Manasseh aliangalia magharibi. Jua lilikuwa limegusa miti ya mkaratusi, na kengele ya kanisa la jirani ilikuwa imeanza kugongwa.

"Funga hiyo, momura. Hapa kazi imeisha."

"Dakika tano tu."

"Hata moja. Kama nimeharibu gari kwa ajili ya Sabato, sitalitengeneza kwa kuivunja Sabato." Alishusha kabini kwa mikono miwili, taratibu. "Jumapili nitamwambia Mama Makori mwenyewe. Usiseme lolote. Nisingependa aseme nilijificha nyuma ya fundi."

Duncan alikuwa ameshairudisha plagi mahali pake. Alikusanya vyombo vyake. Kwamboka alimfungia ndizi kwenye jani, akazichukua, akasahau kushukuru. Alikwenda hadi lami kwa miguu.

Jumamosi hakufungua gereji. Mama yake alidhani amerudi kanisani na akamtolea shati jeupe. Hakulivaa. Alishinda nyuma ya banda akibomoa nyaya za injini mbili zilizotupwa, hadi alipopata plagi ya namna ile ile, na ndani yake pete nyekundu iliyokuwa bado laini.

Jumapili asubuhi ua wa Manasseh ulikuwa na umande. Persis alifika na Makori saa mbili. Makori alikuwa amevaa viatu vya kuendeshea. Duncan aliunganisha mashine mbele yao, akawasha swichi.

"Mia moja kumi na mbili," Persis alisoma. Aliivua miwani. "Bado."

Makori alinyoosha mkono, kiganja juu. Hakumtazama Manasseh usoni alipofanya hivyo, na hilo angalau lilikuwa la heshima.

Manasseh alivua kofia.

"Mama Makori, si turbo, na si kuzima injini. Ni maji. Naosha injini kila Ijumaa, na maji yanaingia kwenye sensa. Fundi ameniona. Sikujua, lakini mkono ni wangu." Alianza kuitoa kamba shingoni. Ilishika kwenye sikio, akaivuta.

"Maji kwenye umeme," Makori alisema. "Hata mtoto wa nasari anajua, Mama. Ndiyo maana nasema, wazee hawa wa enzi za kabureta..."

"Mwache amalize kuivua," Duncan alisema, "halafu airudishe."

Wote walimtazama.

"Mzee ameosha hii injini tangu ikiwa mpya. Miaka minne. Iliumwa lini? Muulize. Ameandika." Sauti yake ilikuwa kali, kama mtu anayegombana, ingawa hakuna aliyekuwa akigombana naye. "Jumapili ya tatu ya Aprili. Alhamisi kabla ya hapo lilikuwa kwangu. Kuna mpira ndani ya hii plagi unaozuia maji. Niliukata kwa kisu nikautupa kwa sababu nilikuwa na haraka. Halafu juzi mkaja, nikaona kutu kwenye plagi, nikaipangusa kwenye nguo, nikawauzia sensa ambayo hamkuihitaji."

Manasseh alikuwa ameshikilia kamba mkononi.

Duncan hakungoja. Alitoa pampu ya baiskeli, akapuliza plagi hadi ikakauka, akaivisha pete nyekundu, akaisukuma mahali pake. Aliwasha swichi. Themanini.

"Sasa osha, tata."

"Leo ni Jumapili. Ni safi."

"Osha. Usiniheshimu."

Kwamboka alileta mtungi wa maji. Manasseh alivuta kamba ya pampu, ikawaka, akaelekeza mdomo wa shaba kwenye injini. Kwanza alipiga pembeni. Duncan alimshika kifundo cha mkono na kuuelekeza mdomo juu ya sensa, akauacha hapo hadi mtungi ukaisha. Maji yalitiririka chini ya lori, yakafika kwenye viatu vya Makori, Makori akarudi nyuma.

Persis alisimama kwenye kidato, miwani usoni, akitazama mashine. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kuku walikuja kunywa maji.

"Themanini," alisema. "Na bado themanini."

Alishuka. "Manasseh, vaa ufunguo wako. Majani yanangoja." Kisha, kana kwamba amekumbuka, "Nyangate alikuambia uoshe hata injini?"

"Alisema gari. Sikujua kulikata vipande."

Persis alikaribia kutabasamu, akaacha. Makori alizunguka lori, akapanda upande wa abiria. Kabla ya kufunga mlango alimwinamia Duncan.

"Kwa hivyo ni wewe, mjinga wa soko."

"Ni mimi," Duncan alisema.

Alingoja Persis amwambie jambo: kwamba hatarudi kwake tena, au kwamba atarudi. Persis aliokota mtungi mtupu, akamtia mikononi.

"Mrudishie Kwamboka. Na hiyo sensa uliyoitoa Jumatatu ile, ambayo haikuwa na makosa, utalirudishia lori langu."

Lori lilitoka uani, likashuka hadi mtoni, likapotea. Vituo viwili viko ng'ambo, na kupakia kulichukua hadi saa saba. Duncan alibaki, akisema anakausha nyaya zake. Kwamboka alimpa uji, hakumuuliza anangoja nini.

Saa saba na nusu alilisikia likianza kilima, limejaa. Alisimama na bakuli mkononi. Mluzi wa turbo ulipanda, ukashika, ukaendelea kupanda kupitia mahali ambapo siku zote ulikatika, nyuma ya migomba ya jirani, hadi ukawa juu ya barabara ya lami, ambapo magari mengine yaliumeza.

Akaketi, akamalizia uji.